Hesabu ya Juu, Hesabu ya Kawaida, na Domo la Baba Yako

Madam Mishi,

Kama unaisoma barua hii ukiwa bado hapa Karama, Dubai, basi umeiiba, na nitajua. Nimemwambia mama yako aiweke kwenye mkoba wako mdogo, chini ya sweta, uifungue ndege ikishapaa. Lakini nakujua. Wewe ukikatazwa kitu mkono unakuwasha. Hilo umelirithi kwangu, pamoja na sura nzuri.

Sasa hivi mmekwenda kusukwa, wewe na mama yako, na huku nyuma ya ubao unaotutenga na jirani chumbani kumetulia mpaka naisikia friji ya jirani. Leo usiku nina zamu. Kesho nitakuja uwanja wa ndege moja kwa moja nikiwa na sare, na mimi nikivaa sare mambo ya moyoni hayatoki, natoa amri tu. Ndiyo maana naandika. Usicheke mwandiko. Mwandiko huu uliishia kidato cha pili, na hata huko ulikuwa unasinzia.

Habari za kuanika nguo, kula, kuswali kwa wakati na kutoazimisha kitana chako, mama yako amezisema wiki nzima, sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja. Jumatatu asubuhi Mwalimu Mlay wa Arusha atataka kujua unaingia darasa gani la hesabu, la juu au la kawaida. Na nyumba yetu, ambayo haina hata nafasi ya watu kununiana vizuri, imenuniana wiki nzima kwa ajili ya swali hilo.

Nianzie Jumapili, maana nusu ya mambo yalisemwa wewe ukiwa umejifungia bafuni na bomba umelifungulia, ukidhani hatujui unalia.

Shule yako ya hapa imefikia darasa lake la mwisho, na zile zinazoendelea ada zake hatuziwezi, sisi tunazionea getini. Arusha wakasema njoo, bweni lipo, na shangazi yako Tatu yuko karibu. Ukafanya mtihani wao kwenye kompyuta, ukapokelewa, mimi nikajua khalas, tumemaliza. Kumbe bado. Jumapili mwalimu akapiga, nikaweka simu spika ili na mama yako asikie sifa. Akasema, "Mzee, maswali aliyoyagusa binti yako yote amepata. Hakuna hata moja alilokosea. Ila ya mwisho hakuyafikia, ameyaacha meupe." Aliniita mzee, nikamsamehe kwa kuwa hajaniona. Akaeleza. Darasa la juu linakimbia, wiki haiishi mmeshahama mada, na ndilo linalokwenda kwenye uinjinia na mambo hayo. La kawaida linakwenda pole pole, lakini mtihani wake wa mwisho una dari: hata ukipata kila kitu, ile alama ya juu kabisa haimo humo. Kutoka la juu kushuka inawezekana wakati wowote. Kutoka la kawaida kupanda, alisema, huwa ni shida. Matokeo yako yalikuwa katikati kabisa, hayakuegemea popote, na kwa kuwa unatoka mtaala mwingine yeye angeshauri uanze na la kawaida kwanza. Lakini uamuzi ni wa familia.

Mimi nilisikia "yote amepata". Mama yako akasikia "hakuyafikia". Simu moja, masikio manne, habari mbili.

Nikaanza kupayuka. Unanijua. Nikasema mwanangu haendi kukaa chini ya dari ya mtu, la juu, tena kesho. Mama yako akaningoja nimalize pumzi. Halafu akanisimulia habari za yule mtoto anayemlea kule mtaa wa Marina, mtoto wa madam wake. Yule naye yuko kwenye darasa la hesabu la kukimbia, ana mwalimu wa mchana na mwalimu wa jioni, na kila siku ya mtihani asubuhi anatapika kwenye zulia. Madam anamwambia ni woga tu, utaisha, yalla, gari linangoja. Mama yako akasema kwa sauti ndogo, ile yake ya hatari, "Wewe unapiga domo, Baba Mishi. Mimi ndiye ninayepangusa."

Hapo ndipo ulipoingia bafuni.

Nilimjibu kwa habari ya viza yangu. Yeye anaijua, ndiye aliyekuwa upande wa pili wa simu miaka ile. Wewe hujaisikia vizuri, kwa hiyo sikia. Nilipokuwa natoka Tanga, wakala wa Dar alinipa njia mbili. Ya kwanza, ningoje nafasi ya ulinzi, kuna usaili, kuna Kiingereza, mtu hajui itatoka lini. Ya pili, viza ya usafi, inatoka mara moja. Mimi nikaona kungoja ni kazi ya watu wasiojiamini. Nikasema nipe hiyo ya usafi kwanza, nikifika huko wataniona nilivyo, watanibadilishia wenyewe.

Wee. Hapa hakuna anayekuona. Wanaisoma viza. Imeandika msafishaji, basi wewe ni msafishaji, hata ukiwa unawaongoza wenzako wote na bosi akikwama anakuita wewe. Na kwa cheo hicho, mke na mtoto huwezi kuwaleta. Kubadilisha kulitaka kafeel, yule tajiri aliyekudhamini viza, akubali, na kafeel wangu kila nikimwendea ananiambia inshallah, kwa ile sauti ambayo mtu aliyekaa Dubai akiisikia anajua aende akalale. Wewe ukaota meno, ukatembea, ukaenda chekechea, mimi nakuona kwenye kioo cha simu kilichopasuka, uso wako una ufa katikati. Siku mliyofika, viza yangu ilipobadilishwa hatimaye kuwa ya ulinzi, ulinipa mkono ukasema, "Shikamoo, mjomba." Mama yako akakusahihisha. Mimi nikacheka kwa nguvu, nikasema naenda kununua maziwa. Maziwa yalikuwepo.

Sasa mtu akiniambia mtoto aanze na la kawaida kwanza, natoka jasho. Hilo "kwanza" nalijua linakoishi.

Mama yako alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza neno moja tu. "Na Marina je?"

Alinipata. Nilikaa chini.

Yangu mimi ya Marina, kwenye minara ya huko huko, ni hivi. Nikiwa bado msafishaji, msimamizi wetu aliingia kambini akauliza nani amewahi kuendesha lile jukwaa la kuning'inia la wasafisha vioo vya nje, linaloshushwa kwa nyaya kutoka paani. Mimi nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimewahi kuliona. Kuna watu wangeona hiyo haitoshi, lakini watu hao hawana kipaji changu. Asubuhi yake nikapandishwa juu ya mnara na mwenzangu Mnepali, tukaanza kushuka, nami natoa maelekezo kama rubani. Tulipofika katikati nikabonyeza nisipotakiwa. Upande wangu ukashuka, wake ukabaki palepale. Jukwaa likalala, ndoo ikateleza mpaka ukingoni ikasimama. Yule Mnepali alinitazama mara moja, akafumba macho, akaanza kuongea na Mungu wake. Mimi vidole vilikataa kufunguka. Nyuma ya kioo alikuwepo mama mmoja anakunywa kahawa. Akanipungia mkono. Nami, mwanangu, nikajitahidi nikampungia.

Wakatuvuta kutoka juu. Nikashushwa cheo papo hapo, nikapewa milango ya vioo ya chini, pale wageni wanapoingilia. Hilo watu wote wanalijua na nimelitania mwenyewe mara nyingi. Ila mama yako hakujua sehemu iliyobaki mpaka Jumapili hiyo. Ule mwezi wa milango ya chini nililala usingizi mzuri kuliko mwezi wowote niliokaa nchi hii. Kushuka hakukuniuma hata kidogo. Kilichoniuma ni kwamba nilishampigia bibi yako Tanga nikamwambia mwanao siku hizi anafanya kazi juu kuliko kunguru, naye akatangaza mtaa mzima. Basi kila akipiga ananiuliza, huko juu kuna upepo, baba? Namwambia upo, mama, mwingi. Nimesimama chini, mlangoni, na kitambaa mkononi.

Kwa hiyo njia zote mbili nimezipita. Nimechukua ya chini nikanasa, nimerukia ya juu nikaning'inia. Mtu mwingine hapo angepata busara. Mimi nilipata sauti kubwa tu, nikaendelea kuitumia wiki yote. Jumatatu mama yako hakusema na mimi. Jumanne mimi sikusema na yeye. Wewe kila ukiulizwa unasema "sawa tu", "vyovyote", "mnavyoona". Mtoto aliyekuwa akibishana nami mpaka juu ya chumvi ya ugali, leo sawa tu. Ilianza kunitisha.

Ndiyo maana Jumatano nikakuchukua twende JLT, kazini kwangu, ukaone chumba cha kamera ambacho umekuwa ukikiomba. Nilidhani nitakulainisha. Nikakuonyesha skrini zote, nikakuonyesha jinsi walinzi wangu wanavyosimama wima wakijua naangalia, ukacheka kidogo. Kisha tukashuka tukakaa pale kando ya ziwa, mimi nikala samosa zako. Nikakuuliza nikitazama maji, nisije nikakutisha, kama yale maswali ya mwisho yalikuwa magumu.

Ukasema hapana. Hukuyaogopa, hukuyafikia. Ulikuwa unarudia ya mwanzo.

Nikauliza, kwani ya mwanzo ulikuwa umekosea? Ukasema hapana, ulikuwa unahakiki. Ukimaliza moja unalihakiki, halafu unalihakiki tena. Nikakuuliza kwa nini, nikiwa bado natafuna, bila kujua ninachokiomba.

Ukasema, "Kwa sababu ulishawaambia watu wote. Nikafikiri nikikosea hata moja, utawaambia nini kafeteria?"

Nilijifanya redio yangu ya kiunoni imeita. Haikuita. Wewe ulijua, na hukunitania, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana siku nyingine usingeniacha.

Kwa sababu ni kweli. Wiki ile ya mtihani niliwanunulia watu wote chai ya karak pale kafeteria, nikasimama, nikawaambia injinia wa familia anafanya mtihani wa kwenda shule kubwa. Chai ya kushangilia kitu ambacho hakijatokea. Sijui ni nani mwingine duniani anaifanya isipokuwa sisi wa pale. Onyi, yule Mkenya wa zamu yangu, akaniuliza mbele ya watu, "Buda, si wewe Form Two ilikushinda? Hizo hesa unazijulia wapi?" Nikamwambia damu haisomi, inarithi, watu wakacheka, nikanogewa. Nikaenda nikarekodi sauti nikaitupa kwenye kundi la familia. Asubuhi ya mtihani simu yangu ilikuwa inatoa dua kama redio ya mwezi wa Ramadhani. Bibi yako, mashangazi, mpaka yule binamu anayenikumbuka akitaka kitu. Injinia, injinia. Na nilikuwekea sauti zote, nikakusogezea simu sikioni ukiwa unafunga viatu. Nilidhani nakupa nguvu.

Nimelifikiria hilo zamu nzima ya Jumatano, walinzi wakasimama hovyo kwenye skrini na mimi nisiwaone. Mwalimu Mlay anadhani amekupima. Hajakupima wewe peke yako. Amekupima ukiwa umenibeba mgongoni, na tumbo langu unaliona lilivyo. Yale maswali meupe hayasemi kama unakimbia au unakwenda pole pole. Yanasema ulikuwa na mzigo. Kwa hiyo mwalimu hajui darasa lako ni lipi, mama yako hajui, na mimi niliyepiga kelele kuliko wote ndiye ninayejua kidogo kuliko wote.

Jana nikaenda kafeteria. Niliagiza chai yangu peke yangu, hiyo tayari ilikuwa ajabu. Nikawaambia hivi, habari za hesabu za mwanangu msiniulize tena, mimi mwenyewe sitaziuliza. Onyi akaacha kutafuna, akaniuliza kwa upole, na upole wa Onyi ni kitu cha kutisha, "Amefeli?"

Mdomo wangu ulifunguka. Neno "yote amepata" lilikuwa tayari liko kwenye ulimi, limevaa viatu. Nikalimeza. Nikanywa chai. Wakatazamana. Sasa hivi pale wanaamini umefeli, na nimewaacha waamini, na nakuambia kazi hiyo ni ngumu kuliko ya jukwaa la Marina, maana huku hakuna mtu wa kukuvuta kutoka juu. Bibi yako naye nimempigia nikamwambia asimwite mtu injinia. Akauliza kama unaumwa. Nikamwambia mzima, mama, ila aliyekuwa anaumwa ni mimi, domo. Akasema hilo alilijua tangu sijaota meno.

Nilipomwambia mama yako yote uliyosema pale ziwani, alichukua shati lililokuwa limekunjwa akalikunja tena. Halafu naye akatoa lake, kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. Akasema yule mtoto wa Marina si wewe. Yule hesabu hazipendi kabisa, anasukumwa. Wewe unazifanya juu ya meza ya pasi bila kutumwa na mtu, ukiitwa kula huji. Akasema alikuwa anakukinga na zulia la mtu mwingine. Ndiyo mara ya kwanza wiki hii tumekaa upande mmoja, na tumekaa hapo tukiwa hatujui kitu, wote wawili.

Leo kabla ya kwenda Ijumaa nikampigia Mwalimu Mlay. Nikamwambia Jumatatu asingoje simu yangu, akuulize wewe. Akasema kwa kawaida mzazi ndiye anayeamua. Nikamwambia mzazi ameshaamua, ameamua mtoto aulizwe. Akacheka kidogo. Kisha akauliza, lakini wewe mzee moyo wako uko wapi? Hapo nikamwambia simu inakatika.

Wewe sikudanganyi. Moyo wangu uko la juu, ulikuwa huko tangu mwanzo na mpaka leo haujashuka. Unalijua, sasa limesemwa, liruke upite. Moyo wangu hautafanya mtihani. Wa mama yako ulikuwa la kawaida, naye amekubali kuutoa njiani. Tumekupisha, mwanangu. Njia nyembamba, lakini tumebanana ukutani, pita.

Ila kuna vitu viwili nimevinunua ghali, nakupa bure. Ukichagua la kawaida, muulize mwalimu palepale, siku hiyo hiyo, njia ya kupanda ni ipi na inafunguliwa lini. Akikujibu kwa sauti ya kafeel wangu, uliza tena. Usitoke ofisini na inshallah. Na ukichagua la juu, ukaona upande mmoja umeanza kushuka na mwingine umebaki, sema siku hiyo hiyo. Usimpungie mtu mkono huku unaning'inia. Mimi nilifanya hivyo kwa sababu niliona aibu mbele ya mwanamke ambaye sijamwona tena maishani.

Na kwenye mtihani wowote, ukishahakiki mara moja, yatosha. Nenda kwenye linalofuata. Likikosewa limekosewa. Hakuna mtu anayekungoja nje ya mlango na birika la chai.

Sasa masharti yangu, maana siwezi kumaliza bila amri. Usiniambie umeingia darasa gani. Mwambie mama yako, yeye anajua kukaa na jambo. Mimi nikijua ni la juu, nitakuwa kafeteria kabla simu haijapoa, na wewe utaanza kuhakiki tena. Nikijua ni la kawaida, nitatafuta namna ya kulisema mpaka lisikike la juu, na wewe utanisikia huko uliko, hata kama sijarekodi. Sijiamini. Ndiyo mara ya kwanza naandika neno hilo kuhusu mimi, lionee huruma.

Nipigie Jumatano jioni, mkishaanza masomo. Chukua swali moja tu mlilofanya siku hiyo, lolote, unieleze kuanzia juu mpaka jibu, usiruke hatua. Nitakukatiza. Nitauliza mambo ya kijinga, nitakurudisha mwanzo, nitasema nimeelewa kumbe sijaelewa, na utakereka. Usikate simu.

Baba yako